Risasi za Kusubu na Mtutu Usiokubaliana Nazo: Kupima Kwanza, Kurekebisha Baadaye

Mtu anayesubu vichwa vya risasi mwenyewe, yaani anayeyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, kisha akakuta mtutu umeshika utando wa kijivu au matundu yametawanyika ovyo kwenye karatasi ya shabaha, kwa kawaida hukimbilia kubadilisha grisi inayopakwa kwenye kichwa, kuongeza ugumu wa aloi au kupunguza baruti. Huko ni kuanzia mwisho. Sehemu kubwa ya matatizo ya risasi za kusubu hutokana na kipenyo, na kipenyo hakikisiwi, hupimwa. Kichwa chenye koti la shaba ni kigumu na huvumilia kuwa chembamba kidogo kuliko mtutu. Kichwa cha madini ya risasi kikipwaya hata kwa 0.03 mm, gesi ya moto hupenya ubavuni mwake, huuchoma na kuuyeyusha, kisha huyapaka madini hayo kwenye chuma. Ufa huo hauzibwi kwa grisi.

Namba mbili ndizo zinazotakiwa kabla ya kutafuta chanzo cha dalili yoyote. Ya kwanza ni kipenyo cha mtutu kikipimwa kutoka chini ya mfereji mmoja, kati ya ile iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa, hadi chini ya mfereji unaoukabili, kwa sababu huko ndiko kichwa kinakotakiwa kufika ili kuziba gesi. Ya pili ni kipenyo cha koo, yaani ile sehemu laini iliyo mbele ya chemba (mahali ganda la risasi linapokaa), ambayo kichwa hupita kabla hakijashikwa na matuta yaliyo kati ya mifereji. Kanuni inayofaa kwa silaha nyingi ni kwamba kichwa kizidi kipenyo cha mifereji kwa 0.025 hadi 0.05 mm, yaani elfu moja hadi elfu mbili za inchi, na koo lisiwe jembamba kuliko kichwa hicho. Njia nzima kutoka chemba hadi mdomo wa mtutu inapaswa kubana kadiri kichwa kinavyosonga mbele. Popote inapobana kisha ikapanuka tena, tatizo huanzia hapo.

Kabla ya kugusa kitu chochote, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba silaha haina risasi, na risasi zote zilizojazwa ziwekwe mbali na meza ya kazi.

Jina la silaha si kipimo chake

Kosa la kwanza ni kununua kalibu kwa kufuata namba iliyopigwa mhuri kwenye mtutu. Mtutu wa .38 Special una mifereji ya inchi 0.357 hivi, na wa .44 Magnum una inchi 0.429 au 0.430, wala si 0.440. Katika .303 ya Kiingereza, 0.303 ni kipenyo cha juu ya matuta; mifereji yenyewe hupatikana kati ya 0.311 na 0.315, na mitutu iliyochakaa huzidi hapo. Bunduki za Mosin-Nagant za 7.62 mm nazo zimetajwa kwa kipimo cha matuta, na mifereji yake hukaribia 7.9 mm. Rivolva za .45 Colt zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na mifereji ya inchi 0.454 hivi, ilhali za baadaye zina 0.451 au 0.452, na zote zinaitwa kwa jina lilelile.

Mfano ulio na hatari ni wa Mauser za 8 mm. Mitutu ya zamani ilikuwa na mifereji ya inchi 0.318 hivi, na baada ya Ujerumani kupitisha risasi mpya mwaka 1905, kipimo kikawa 0.323. Kulazimisha kichwa cha 0.323 kupita kwenye mtutu wa 0.318 huongeza shinikizo kwa kiasi kinachoweza kumdhuru mfyatuaji, hasa kikiwa na koti la shaba. Kwa bunduki ya aina hiyo, kupima mtutu ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la shabaha.

Kupata kipimo kinachoaminika

Njia ya kawaida ni kusukuma kizibo cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu na kukipima kikitoka. Safisha mtutu hadi chuma chenyewe, ukiondoa masizi na pia mabaki ya shaba, kwa kuwa tabaka la shaba lililosalia mferejini hupunguza kipimo. Kisha pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi. Kizibo kiwe cha madini safi ya risasi, ambayo ugumu wake kwa kipimo cha Brinell ni karibu 5; timazi laini la kuvulia samaki au tufe la bunduki ya kushindiliwa hufaa sana. Kiwe kinene kidogo kuliko mifereji, na urefu wake usizidi sana unene wake, maana kizibo kirefu huongeza msuguano bila kuongeza taarifa yoyote.

Kiweke kizibo kwenye mdomo wa mtutu na ukigonge kwa nyundo ya plastiki. Kinapoingia, pete nyembamba ya madini hunyofoka pembeni na kubaki mdomoni, na pete hiyo ikiwa kamili pande zote ni ishara kwamba kizibo kilikuwa kinene vya kutosha. Ikiwa ina pengo upande mmoja, kitoe kizibo na utafute kinene zaidi. Baada ya hapo kisukume kwa ufito wa shaba ya njano, au wa chuma uliozungushiwa utepe ili usikwaruze matuta, kwa mapigo madogo yenye nguvu sawa. Mkono utasikia mengi hapa. Mtutu mzuri hukipokea kizibo kwa ukinzani ule ule mwanzo hadi mwisho, au ukizidi kidogo kuelekea mdomoni. Ufito ukiteleza ghafla, kuna mahali palipopanuka. Ukigoma ghafla, kuna mahali pamebana. Weka alama kwenye ufito kila hali hiyo inapotokea ili ujue ni umbali gani kutoka mdomoni.

Kikitoka, kitazame chini ya mwanga mkali kabla ya kukipima. Mifereji ya mtutu imeacha migongo kwenye kizibo, na matuta ya mtutu yameacha mabonde. Migongo ikiwa inang'aa kwa mikwaruzo myembamba inayofuata urefu wake wote, madini yalifika chini ya mfereji. Ikiwa imefifia, ina rangi ya kijivu ileile iliyokuwa nayo kabla ya kuingia mtutuni, haikugusa chini, na namba utakayoipata itakuwa ndogo kuliko ukweli hata kama umeisoma kwa uangalifu wote.

Tumia maikromita, usitumie kalipa. Kalipa nyingi zina makosa ya 0.02 hadi 0.03 mm, yaani makosa yanayolingana na tofauti ile ile unayoitafuta. Hakiki sifuri ya maikromita, funga kwa kibonyezo chake cha mlio badala ya nguvu ya vidole, kwa sababu madini ya risasi ni laini na taya zikikazwa zitayaminya. Pima sehemu kadhaa za kizibo, na rudia kwa kizibo cha pili.

Vipimo havikubaliani

Vizibo viwili vya mtutu mmoja vikitofautiana kwa zaidi ya 0.01 mm, usichukue wastani. Wastani wa kipimo sahihi na kipimo kibovu ni kipimo kibovu.

Chanzo cha kwanza cha kutazama ni idadi ya mifereji. Mitutu yenye mifereji minne au sita hupimika kirahisi, kwa kuwa mgongo mmoja wa kizibo unakabiliana na mwingine. Rivolva nyingi za Smith & Wesson na bunduki nyingi za Lee-Enfield zina mifereji mitano, na hapo mgongo hukabiliana na bonde. Maikromita ya kawaida ikiwekwa juu ya kizibo cha namna hiyo husoma pungufu, na mtu huishia kuagiza kalibu nyembamba kwa mtutu mpana. Dawa iliyo bora ni maikromita yenye taya ya umbo la V iliyotengenezwa kwa mifereji mitano. Wengine hukizungushia kizibo bamba jembamba la shaba lenye unene unaojulikana na kutoa unene huo mara mbili, lakini bamba huweza kubonyea juu ya bonde, kwa hiyo ichukulie namba hiyo kuwa ya chini. Mimi napendelea njia nyingine isiyohitaji kifaa cha gharama: pitisha kizibo kwenye pete au dai za kusawazishia vichwa (vifaa vya chuma vyenye tundu ambamo kichwa husukumwa ili kipate kipenyo kamili) zenye vipimo vinavyojulikana. Kizibo kikipita kwenye inchi 0.314 bila kuguswa na kikagoma au kukwaruzwa kwenye 0.313, jibu limepatikana.

Chanzo cha pili ni madini ya kizibo. Aloi ngumu, kwa mfano ya vizito vya kusawazishia magurudumu ambayo ugumu wake ni 11 au 12, hutanuka tena kidogo ikishatoka kwenye kibano, na pia huhitaji nguvu nyingi mno kusukumwa. Usipimie mtutu kwa kichwa kigumu cha kusubu eti kwa kuwa kipo karibu.

Chanzo cha tatu husahaulika mara nyingi. Kizibo kilichopita mtutu mzima hakikwambii upana wa mtutu; kinakwambia upana wa mahali pembamba kuliko pote kilipopita. Kama mtutu umebana katikati, kizibo kitatoka na kipimo cha hapo katikati, na upana wa karibu na chemba, ambao ndio kichwa hukutana nao kwanza, utabaki haujulikani. Ukishuku hali hiyo, ingiza kizibo kutoka upande wa chemba kwa sentimita chache tu, kisha kirudishe nyuma kwa ufito kutoka mdomoni. Fanya vivyo hivyo upande wa mdomo. Namba tatu, za nyuma, za mbele na za mtutu mzima, zitakueleza umbo la njia yote.

Koo la bunduki hupimwa kwa njia nyingine, kwa sababu kizibo hakiwezi kulijaza kwa kusukumwa tu. Kuna aloi za bismuti zinazoyeyuka kati ya nyuzi 71 na 88 za Selsiasi, zilizotengenezwa kwa ajili ya kumimina chemba. Mtutu huzibwa kwa kitambaa mbele kidogo ya koo, aloi humiminwa, na ikishaganda hutolewa kutoka nyuma. Aloi ya namna hii husinyaa kwanza kisha hutanuka polepole kwa siku nyingi, kwa hiyo ipimwe takriban saa moja baada ya kuganda, wakati kipimo chake kinapolingana na cha chemba. Ukiipima baada ya wiki utapata namba kubwa kuliko ukweli. Aloi hizo huwa na kadimi pamoja na madini ya risasi. Ziyeyushie mahali penye hewa nyingi na usizipashe moto kupita kiasi.

Kizibo kimekwama

Karibu kila mara sababu ni ufito wa mbao. Mbao hupasuka kwa mshazari, vipande viwili hupandana, na kila pigo jipya huvikaza zaidi dhidi ya mtutu. Acha kupiga. Mimina mafuta ya kupenya pande zote mbili, subiri, kisha sukuma kutoka upande mwingine kwa ufito wa chuma au shaba unaokaribia kuujaza mtutu, wenye ncha bapa. Ufito mwembamba hutoboa katikati ya kizibo na kukitanua. Usiyeyushe kizibo kwa moto wa gesi, na kamwe usijaribu kukitoa kwa kufyatua risasi, hata isiyo na kichwa: mtutu ulioziba hupasuka.

Utando karibu na chemba

Chunguza mtutu ukiwa na taa upande wa pili. Utando ulioanza mara tu baada ya koo, katika sentimita chache za mwanzo za mifereji, na hasa ukiwa kwenye kingo za matuta, ni dalili ya gesi kupenya. Linganisha kipenyo cha vichwa vyako na namba ya mifereji. Kama kichwa kiko sawa na mtutu au chini yake, tafuta dai ya kusawazishia iliyo pana zaidi, au acha kusawazisha kabisa ikiwa kalibu inatoa kichwa kinene cha kutosha, na upake grisi peke yake.

Ikiwa vichwa vinatoka kwenye dai vikiwa na unene unaofaa lakini utando unaendelea, ng'oa kichwa kimoja kutoka kwenye risasi iliyokwisha kujazwa na ukipime. Hapa ndipo wengi hushangaa. Kipanuzi cha mdomo wa ganda kilichotengenezwa kwa vichwa vya koti, kwa mfano cha 9 mm kinacholenga kichwa cha inchi 0.355, huacha ganda likiwa limebana kiasi cha kukikamua kichwa laini cha 0.357 hadi kirudi kwenye 0.355. Kuta za ganda la 9 mm huongezeka unene kuelekea chini, kwa hiyo kitako cha kichwa, sehemu inayotakiwa kuziba gesi kuliko zote, ndicho kinachokamuliwa zaidi. Dai za kukaza mdomo ambazo pia husawazisha risasi nzima kwa nje hufanya madhara hayohayo. Tiba ni kipanuzi kinene na kirefu zaidi, na dai ya kukaza isiyogusa ubavu wa ganda.

Kwenye rivolva, uchunguzi ni lazima uanzie kwenye silinda. Kila chemba ina koo lake, na kichwa hupita huko kabla ya kuuona mtutu. Makoo yakiwa membamba kuliko mifereji, ni bure kusubu vichwa vinene: silinda itavikamua, vitaingia mtutuni vikiwa vinapwaya, na utando utaonekana mwanzoni mwa mtutu kana kwamba ulijaza vichwa vyembamba. Jaribio la haraka ni kusukuma kichwa kilichosawazishwa kwenye koo kutoka upande wa mbele wa silinda. Kinapaswa kupita kwa kusukumwa na kidole tu. Kikidondoka chenyewe, koo ni pana mno kwake. Kikihitaji kugongwa, koo ni jembamba. Fanya hivyo kwa kila chemba na uandike matokeo ya kila moja, kwa sababu tofauti kati ya chemba na chemba ndiyo sababu ya rivolva kupiga vizuri risasi kadhaa na kutupa moja mbali kila silinda inapozunguka.

Makoo membamba hupanuliwa na fundi wa silaha kwa kekee maalumu ya kulainishia, na kazi hiyo isifanywe kwa msasa nyumbani. Makoo yakiwa mapana kuliko mifereji kwa 0.01 hadi 0.03 mm, hali ni nzuri: sawazisha vichwa vilingane na makoo na usahau mtutu.

Tatizo jingine la rivolva ni mtutu kubana pale uliposkrubiwa kwenye fremu. Uzi wa skrubu ukikazwa mno huminya mtutu hapo, na kizibo kinachosukumwa kutoka mdomoni hupita kwa urahisi hadi kinapofika kwenye fremu, ambapo kinagoma. Kichwa kinachofyatuliwa hupata mbano huo mapema, hukamuliwa, kisha husafiri mtutu uliobaki kikiwa kinapwaya. Vichwa vinene havitibu hali hii. Fundi anaweza kulainisha mbano kwa unga wa kusagia.

Utando kuelekea mdomoni, au mtutu mzima

Ikiwa nusu ya nyuma ni safi na utando unaanza mbele, kipenyo huenda ni sahihi na grisi ndiyo iliyoisha njiani. Hali hii ni ya mitutu mirefu zaidi kuliko ya bastola. Mdomo wa mtutu wenye duara la grisi lenye miale kama nyota unaonyesha kwamba grisi ilifika mwisho wa safari. Mdomo mkavu wenye masizi matupu unaonyesha kinyume. Jaza mifereji yote ya grisi kwenye kichwa au chagua grisi laini zaidi, kisha tazama tena.

Utando wa madoadoa usiofuata mpangilio, ukijirudia mahali palepale kila unaposafisha, ni alama ya mtutu wenye mashimo ya kutu au mikwaruzo ya kiwandani. Kizibo chako kimeshakueleza hayo kwa mikwaruzo isiyo ya kawaida ubavuni. Na kuna wepesi wa kijivu ambao si tatizo kabisa: aloi zenye antimoni nyingi huacha rangi hafifu inayotoka kwa kitambaa kikavu. Usiifukuze.

Ugumu wa kichwa unahusika pia, ingawa si kwa namna inayodhaniwa na wengi. Kichwa kigumu mno kwa baruti kidogo hakitanuki kitako kuziba mtutu, na hivyo kinategemea kipenyo chake cha mwanzo peke yake. Kwa risasi za mwendo mdogo, aloi ya ugumu wa 10 hadi 12 mara nyingi huacha mtutu safi kuliko aloi ya wachapaji (ile ya kusubia herufi za chapa) ya ugumu wa 22. Mitutu ambayo badala ya matuta yenye kingo ina pande za mviringo, kama ile ya asili ya bastola za Glock, ni suala tofauti. Mtengenezaji mwenyewe anakataza vichwa vya madini ya risasi visivyo na koti katika mitutu hiyo, na agizo hilo lifuatwe.

Matundu ya ubavu kwenye shabaha

Tundu lenye umbo la kichwa kilichotazamwa kwa upande linaonyesha kwamba kichwa kilifika kikiwa kinapinduka. Kwa risasi za kusubu, sababu ya kwanza ni kwamba matuta hayakukishika: kichwa ni chembamba, kiliteleza badala ya kuzungushwa. Ukiweza kuokota kichwa kilichosimama kwenye mchanga au kitambaa, utaona alama za matuta zikiwa pana mno upande wa mbele, au zimefutika kitakoni. Rudi kwenye kipenyo na kukamuliwa na ganda kabla ya kushuku msokoto wa mtutu, yaani jinsi mifereji inavyozunguka. Utando mwingi nao hutoa dalili hiihii, kwa sababu mifereji iliyojaa madini haina tena makali ya kushikia. Ni baada tu ya kusafisha mtutu na kuthibitisha kipenyo ndipo inapofaa kuuliza kama kichwa ni kirefu mno kwa msokoto uliopo.

Risasi haiingii kwenye chemba

Mtu aliyegundua kwamba mtutu wake ni mpana na akaongeza unene wa vichwa huweza kukutana na tatizo hili, na halipaswi kutatuliwa kwa nguvu ya mkono. Kichwa kinene hutanua shingo ya ganda. Shingo ikibanwa na chemba pande zote, ganda haliwezi kufunguka na kukiachia kichwa, na shinikizo hupanda kwa hatari. Kipimo rahisi ni ganda lililofyatuliwa katika silaha hiyohiyo: kichwa chako kikiingia kwa ulaini kwenye mdomo wake, nafasi ipo, kisipoingia, kichwa hicho ni kinene mno kwa chemba hiyo na ganda hilo, hata kama mtutu unakitaka. Katika hali hiyo tumia maganda yenye kuta nyembamba zaidi, au mwachie fundi apunguze unene wa shingo, au punguza kichwa na utafute aloi laini itakayotanuka.

Ikiwa risasi inaingia lakini boliti inafunga kwa uzito mwishoni, paka kichwa wino wa alama na uingize tena. Wino ukifutika kwenye bega la kichwa, kichwa kinagusa matuta. Kiketishe ndani zaidi. Ukifutika shingoni, rudi kwenye aya iliyotangulia. Ukifutika kwenye mdomo wa ganda, mdomo haukukazwa vya kutosha. Kila badiliko la kipenyo, aloi au kina cha kuketisha huanzishwa upya kutoka kiwango cha chini cha baruti kwenye jedwali la mtengenezaji.

Kalibu inatoa vichwa vyembamba

Kipimo kilichoandikwa kwenye kalibu kinahusu aloi fulani. Madini safi ya risasi husinyaa zaidi yanapoganda kuliko aloi yenye antimoni, kwa hiyo kalibu moja hutoa kichwa chembamba kwa madini safi na kinene zaidi kwa aloi ya wachapaji. Tofauti hiyo huweza kufikia 0.025 mm au zaidi, na inatosha kugeuza kichwa kizuri kuwa kibovu bila kugusa kalibu. Vichwa visivyojaa, vyenye kingo za mviringo, vinaashiria kalibu baridi au aloi yenye bati kidogo. Asilimia 2 ya bati na joto la nyuzi 370 hadi 400 za Selsiasi hutosha kwa kazi nyingi. Vichwa vyenye mstari uliojitokeza ubavuni na umbo la yai vinaonyesha kwamba nusu mbili za kalibu hazikufunga, mara nyingi kwa chembe ya madini iliyonaswa katikati. Kichwa kipimwe kwa kuzungushwa kwenye maikromita, maana kipimo kimoja cha kichwa chenye umbo la yai hakina maana.

Mipako ya unga inayookwa juu ya kichwa huongeza kipenyo kwa takriban elfu moja hadi elfu mbili za inchi, na ni njia nzuri ya kuokoa kalibu iliyo nyembamba kidogo. Sawazisha baada ya kuoka. Maji yasikaribie chungu cha kuyeyushia: tone moja likifunikwa na madini hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni. Hewa ipite, mikono ioshwe, na chakula kisiletwe kwenye meza hiyo.

Kuondoa utando kabla ya kujaribu tena

Jaribio jipya kwenye mtutu mchafu halina thamani, kwa sababu utando wa zamani huvuta utando mpya. Zungushia brashi ya shaba nyekundu nyuzi za shaba nyekundu halisi, si chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na jaribu nyuzi hizo kwa sumaku kabla ya kuzitumia. Sukuma kavu, madini hutoka kwa vipande vidogo vinavyong'aa. Usifyatue vichwa vya koti ili "kusukuma" utando nje, kwa kuwa vinaupiga pasi mtutuni na kuongeza shinikizo. Mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi, ambao baadhi ya watu huusifu, usitumike kabisa: huyeyusha madini na kuyafanya chumvi ya asetati ya risasi, sumu inayopenya kwa urahisi mwilini, na huchimba chuma cha mtutu kikiachwa humo.

Mtutu ukiwa safi, piga risasi chache za kipenyo kipya, kisha tazama kwa taa tena kabla ya kuendelea. Utando ukirudi mahali palepale, pima kichwa kilichong'olewa kwenye ganda. Ukihamia mbele, kipenyo kimekaa sawa na kazi iliyobaki ni ya grisi.